Salamu Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Baba,

Shikamoo. Naanza na salamu, tena salamu kamili, kwa sababu siku hizi nimekoma kuzikata. Sababu utaiona mbele. Nyumbani hatujambo. Mama hajambo, ni magoti tu, na bado anakataa kulala upande wako wa kitanda. Mahindi yamekubali mwaka huu. Mimi pia sijambo, na tangu tukuzike hii ndiyo mara ya kwanza nalisema neno hilo bila kudanganya.

Nina ujumbe wako hapa. Umeingia juzi kwenye namba yako ya simu, umetoka kwa mtu unayemfahamu vizuri. Ningeweza kukusomea sasa hivi nikamaliza, lakini ukiupata bila yaliyoutangulia hutauonja utamu wake. Kwa hiyo vua hilo koti lako la mvua, kaa, unisikilize. Mara ngapi mimi nimekaa kukusikiliza wewe na habari zako za ng'ombe mpaka chai ikapoa?

Namba yako haikufa, Baba. Tuliporudi kutoka Ileje kukuzika, mama alisema simu izimwe iwekwe kabatini na saa yako. Mimi nikaiweka kwenye chaji. Sijui nilitaka nini, labda nilitaka tu kuona taa yake ikiwaka. Ikawaka, na meseji zikaanza kumiminika. "Bwana mifugo, ng'ombe kapanda." "Mzee, yule mwekundu analia tangu jana." Watu waliokuja kukulilia msibani, waliokula ubwabwa wetu na kutufariji, wiki ile ile wakakutumia meseji za ng'ombe! Nilikasirika. Halafu nikalia. Halafu nikaelewa kwamba hawakuwa na namba nyingine, na ng'ombe akiingia joto hangoji watu wamalize matanga.

Kazi yako unaijua kuliko mimi, lakini acha niiseme kwa maneno yangu, uone kama mwanao alikuwa anasikiliza. Mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili hana dume. Akiona dalili, ng'ombe anapanda wenzake, anasimama wakimpanda, ute unatoka, anakuita. Unakuja na pikipiki na ule mtungi wa hewa baridi uliojaa mirija ya mbegu. Ng'ombe aliyeanza joto asubuhi unamhimilisha, yaani unampandikiza mbegu, jioni. Aliyeanza jioni unamhimilisha kesho yake asubuhi. Ukikosea nusu siku, umekosa wiki tatu, na mkulima amelisha bure. Kwa hiyo kazi yote, ukiacha mkono, ni kujua joto lilianza lini.

Na hapo ndipo ulipotuachia kimbembe. Mkono ulimrithisha Ambakisye, yule kijana uliyempokea kutoka chuo cha mifugo, na mkono wake mzuri kweli, mwenyewe ulikiri. Lakini "lini" ulikuwa nayo kichwani. Wewe ulijua kwamba mzee wa Mbangala akiandika "juzi" ana maana ya jana. Ulijua mwalimu mstaafu wa Hasamba huandika saa za Kizungu, na jirani yake aliyetenganishwa naye na ua wa michongoma tu huandika za Kiswahili. Ambakisye hakujua. Akawa anafika kwa watu amechelewa, anafika amewahi, ng'ombe hawashiki mimba, wakulima wananung'unika. Wengine wakaanza kurudi kwa madume ya kijiji. Wakubwa wenye mtungi wakatuma neno: wataangalia msimu mmoja, na kama mambo ni yale yale, mtungi unahamishiwa wilaya nyingine ambako unahitajika.

Mtungi wako, Baba. Ule uliokuwa ukiufunga kwenye pikipiki kwa mipira kama mtoto mgonjwa. Niliposikia habari hiyo nilihisi kama wanataka kukuzika mara ya pili, na safari hii wakuzike na kazi yako.

Sasa mimi unanijua. Nilikuwa nimeajiriwa kwa wakala wa forodha, naandika programu za kompyuta, na kazi yangu kubwa ilikuwa tarehe. Wewe ulinicheka: "Umesomea tarehe, mama? Kalenda ya ukutani haitoshi?" Lakini karatasi za malori hapa Tunduma ni vurugu tupu. Huyu anaanza na siku, yule anaanza na mwezi, wa tatu anaanza na mwaka. Mkongo anaandika 14h30, Mzambia anaandika 1430 hrs, dereva wetu anaandika saa nane na nusu, na zote hizo ni saa ile ile, isipokuwa za Mkongo na Mzambia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa nzima. Nilikuwa nimeandika programu inayozisoma zote na kuzigeuza ziwe muundo mmoja. Bosi alinisifu mbele ya watu. Nikajiambia kwamba binti aliyeyamudu malori ya nchi sita hawezi kushindwa na ng'ombe wa Mbozi.

Nikachomoa laini yako kwenye simu, nikaichomeka kwenye modemu, modemu nikaipachika kwenye kompyuta yangu. Mpango ulikuwa rahisi. Meseji inaingia, programu inatafuta tarehe na saa, inapiga hesabu, inamtumia Ambakisye jina la mkulima na muda wa kufika. Nilimwambia mama, "Baba anarudi kazini." Mama akaendelea kuchambua maharage.

Siku ya kwanza programu ilimwona ng'ombe wa Mbangala aliyeandikiwa "3/4" ikaamua kwamba joto lake lilianza tarehe nne ya mwezi wa tatu, yaani mwezi mzima uliopita. Ile sehemu ya kusoma tarehe nilikuwa nimeichukua kwa watu wanaotanguliza mwezi. Ikanyamaza kimya, ikimhesabu yule ng'ombe kama habari ya zamani. Nikarekebisha. Ikaja "tar 7". Ikaja "jtano", ikaja "j5", ikaja "Jumatano iliyopita sio hii". Mmoja wa kule Ivuna akaandika "tangu wakati wa kunywesha", bila saa, bila siku, na alishangaa sana nilipompigia kumuuliza. Kwake kila mtu mwenye akili anajua ng'ombe wa bondeni wanakunywa lini! Nikaifundisha programu wakati wa kunywesha. Nikaifundisha kuku kulala na watoto kwenda shule.

Halafu simu zenyewe zikaanza uchokozi. Unakumbuka ulivyokuwa ukisema Tunduma ni mji wenye saa moja ya bure, ukimaliza chai huku unavuka Nakonde kuinywa tena muda ule ule? Sasa simu za watu wa karibu na mpaka zinadaka mnara wa Zambia bila kuvuka, zinajirudisha nyuma saa nzima, na mwenye simu hana habari. Anayesoma saa kwenye kioo ananiletea saa ya nchi nyingine. Hiyo nayo nikaikamata, nikaibana. Nilikuwa nakula huku nacheka peke yangu, mama akadhani huzuni imenipanda kichwani.

Kila nilichorekebisha kilifanya kazi, Baba, na bado ng'ombe walikuwa wanapita. Si wote, lakini wengi mno. Ndipo ikaja zamu ya Sukari.

Sukari, ng'ombe wa Mama Sikujua, pale Hasamba. Mama yake Sukari ulimhimilisha wewe, na Sukari mwenyewe ulimvuta kwa mikono yako siku aliyokataa kutoka, ukarudi nyumbani shati lote ni la kutupa. Tangu uondoke alikuwa amekosa mara mbili. Mama Sikujua alimwambia Ambakisye wazi, bila ugomvi: "Mwanangu, nitajaribu mara hii tu. Akikosa namuuza kwa wachinjaji, maana na mimi nakula." Meseji yake ikaingia, programu ikaisoma bila kusita, Ambakisye akatumwa afike asubuhi. Alifika asubuhi. Akamkuta Sukari ametulia anacheua, ute umekatika, joto limekwisha.

Ambakisye hakunilaumu. Alivua kofia tu akasema, "Dada Tumpe, mimi nimefika saa uliyonipa." Afadhali angenitukana.

Nikaenda Hasamba mwenyewe. Sikujua naenda kusema nini, lakini wewe ulikuwa ukisema mwenye ng'ombe hapigiwi simu ya pole, anafuatwa. Mama Sikujua alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Akaniuliza habari za Tunduma, za mama, za magoti ya mama, za mahindi, za kaburi kama tumeshalijengea. Mimi kila mara nataka kuingilia, nataka kuuliza habari ya ile saa, na yeye hajamaliza. Na pale pale, nimekaa kwenye kigoda chake, nikakusikia wewe. Nilikuwa bado shule, umenibeba kwenye pikipiki, tumefika kwa mtu na ng'ombe anaonekana kabisa pale bandani analia, na mimi nikadakia, "Alianza saa ngapi?" Ukanishika bega. Ukasema, "Maliza salamu, mama. Salamu kwanza, ng'ombe baadaye."

Nikaomba simu ya Mama Sikujua nikasoma ujumbe aliotuma. Ulisema hivi: "Habari za jioni mzee wetu pole na kazi na sisi huku hatujambo Sukari ana joto tangu saa 11 analia sana."

Umeona? Mimi niliona hapo nikapiga kelele, kuku wakakimbia. Joto lilianza saa kumi na moja alfajiri. Mama Sikujua alipokwenda kukamua alimkuta Sukari tayari analia, akachunga siku nzima, akaandika jioni, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu zake akaanza na habari za jioni. Programu yangu, kwa pupa, ikakwapua ile "jioni" ya salamu ikaipachika kwenye saa 11 ya ng'ombe. Ikaona joto limeanza jioni ile, ikampeleka Ambakisye kesho yake. Nusu siku imepotea, na wiki tatu zimeondoka nayo.

Nilirudi Tunduma nikazipitia meseji za nyuma. Ni hivyo hivyo, Baba, kila mahali! "Za asubuhi bwana mifugo", na ng'ombe ni wa jana jioni. "Mmelalaje", "za mchana", "usiku mwema" mwishoni. Watu wa huku hawawezi kukutajia ng'ombe kabla hawajakujulia hali, hata kwa meseji ya kulipia, na programu yangu ilikuwa inawakatiza wote. Iliyamudu malori kwa sababu lori halisalimii. Tatizo halikuwa tarehe wala saa. Nilikuwa nimeandika programu isiyo na adabu.

Basi nikaifundisha kukaa kwenye kigoda. Kitu cha kwanza inachofanya sasa ni kupokea salamu, zote, na kuziweka kando kwa heshima. Habari za jioni, Bwana asifiwe, asalaam aleikum, za Kinyiha na za Kinamwanga nilizoletewa na akina mama wa sokoni, mpaka "mulishani bashikulu", yaani hujambo babu, ya mzee mmoja wa ng'ambo ya Nakonde. Salamu zikishakaa upande, kinachobaki ndicho cha ng'ombe. Na kama bado hakieleweki, haikisii. Inauliza, na inauliza kama ulivyokuwa ukiuliza wewe, si saa ngapi: "Ulimwona kabla ya kukamua asubuhi, au wakati wa kukamua jioni?" Swali hilo hakuna asiyelijibu sawasawa.

Na inajibu salamu. Hapo nilikwama kidogo. Mtu wa umri wa babu anatuma "Shikamoo mzee", programu imjibu nini? Mimi ni nani wa kumwitikia marahaba? Nilifuta, nikaandika, nikafuta tena. Mwisho nikasema namba ni ya Baba, shikamoo ni ya Baba, na marahaba itakuwa ya Baba. Nikaiandika. Ilipotuma marahaba ya kwanza kwa namba yako nilifunga mlango wa chumba nikalia, lakini hakikuwa kile kilio cha mwanzo.

Mama Sikujua nilimwomba ajaribu mara moja tu tena, nikampigia goti. Akasema, "Kwa heshima ya marehemu." Zilipofika wiki tatu, ujumbe ukaingia, na salamu zake ndefu za asubuhi. Programu ikazipokea, ikauliza, akajibu kwamba ni jana wakati wa kukamua jioni. Hapo hapo Ambakisye akapata maelekezo. Nilimsikia akiwasha pikipiki yako pale nje na nikasimama mlangoni namshangilia kama yuko mpirani.

Wiki tatu zikapita, Sukari kimya, joto halikurudi. Zikapita tatu nyingine, kimya! Katika kazi hii, Baba, kumbe hakuna kelele tamu kama ng'ombe aliyenyamaza. Na hakuwa peke yake. Mbangala wakanyamaza, Hasamba wakanyamaza, vijiji vya njia ya kwenda Mlowo vikanyamaza. Wakubwa wenye mtungi walipokuja mwisho wa msimu na gari lao, walitembezwa banda kwa banda, Ambakisye anapima mimba mbele yao, anatoa mkono anasema, "Huyu anayo." Banda linalofuata, "Huyu naye anayo." Bwana mkubwa mmoja akauliza ni mbinu gani mpya imetumika. Ambakisye, na glavu yake bado imelowa, akamjibu, "Tunawaachia wamalize salamu, mkuu." Sijawahi kumpenda mtu asiye ndugu yangu namna ile.

Mtungi haujahama. Wameongeza wa pili, na binti mmoja wa kutoka Ileje, kwenu kabisa, ndiye atakayeubeba. Nimeacha kazi ya malori, na bosi wa forodha ananiita mwendawazimu. Watu wa ng'ombe wa wilaya nyingine wameanza kuniulizia. Ukipita njia ya Hasamba sasa hivi utaona ndama wa mabaka kila ua, masikio yamesimama, wanaruka ovyo. Wengine wamewapa jina lako, na nimewaambia ungechukia, maana mmoja ni mchokozi sana. Hawanisikii.

Tulishinda, Baba. Nataka ulisikie neno hilo kutoka kwangu. Kile ulichokuwa nacho kichwani, nilichodhani tumekifukia Ileje, kiko hai kinafanya kazi, na kila asubuhi kinawajulia watu hali.

Sasa ujumbe wako. Umetoka kwa Mama Sikujua, ameutuma juzi, nami naunakili kama ulivyo:

"Habari za huko uliko mzee wetu. Sisi hatujambo. Sukari kazaa jike leo kabla sijakamua wote wazima. Nimekuambia wewe kwanza."

Programu ikafanya kazi yake. Ikatambua "leo", ikaelewa "kabla sijakamua", ikaandika siku na saa ya kuzaliwa bila kosa. Halafu ikarudi kwenye salamu ili izijibu, kama nilivyoifundisha, na hapo ikasimama. Za asubuhi inazijua, za jioni inazijua, za huko uliko hakuna mtu aliyewahi kuifundisha. Ikaiweka ile salamu kando, ikaacha taa inawaka, ikanisubiri mimi.

Ningeweza kuiongezea mstari mmoja ikajua siku nyingine. Sikuiongezea. Nikaandika mwenyewe, kwa kidole changu, kwenye namba yako: "Huku kwema, mama. Nimefurahi sana. Mpe Sukari maji ya uvuguvugu."

Nisamehe kama nimekusemea vibaya, lakini hayo ya maji ya uvuguvugu najua ungeyasema.

Basi nakuaga, Baba yangu. Laini yako naiwekea salio na haitafungwa nikiwa hai. Meseji zote za ng'ombe programu itazijibu. Ila atakayekusalimia wewe mwenyewe, huko uliko, huyo ataitikiwa na mimi.

Marahaba zako zote nimekutunzia.

Mwanao,
Tumpe